Mwavita na Vumbi la Uyoga

Mwavita binti Hamidi alikulia kwenye harufu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Tanganyika, kama walivyokuwa babu zake waliovuka kutoka upande wa Ujiji zamani, na nyumba yao ya karibu na maji ilijaa magunia mpaka barazani. Mzigo mpya ulipofika, Hamidi hakuanza kwa kuutazama. Alimwita binti yake. Mwavita aliingiza uso ndani ya gunia, akavuta pumzi, akasema, "Hawa walinyeshewa, wakaanikwa tena," au, "Hawa wazuri, ila gunia lilikuwa la mihogo." Hakukosea mara nyingi. Mtaa mzima ulijua hivyo, naye alijivunia pua yake kama wasichana wengine wanavyojivunia nywele.

Akaolewa na Jumaa, kijana mpole aliyefanya kazi bandarini kwenye mashine za kuinua mizigo. Wakapewa nyumba katika mtaa wa wafanyakazi, nyuma ya reli, mbali kidogo na ziwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni mwanzoni, na mji ulikuwa ukipanuka kila mwaka. Kibao cha stesheni kilisema Albertville, lakini watu wa ziwani walikuwa na mazoea ya kusema Kalemie, kwa jina la mto wake mdogo. Kule nyuma ya reli majirani walitoka pande zote: Waluba, Wabembe, Waholoholo. Mlango wa pili aliishi Mama Constance, Mtabwa wa makamo, Mkristo, mwenye sauti nzito na miguu iliyozoea milima. Mumewe alikuwa mtu wa kutengeneza njia ya reli, na siku nyingi hakuwako nyumbani.

Asubuhi moja ya masika, mvua imekatika tu, Mwavita alikuwa akifagia uani aliposimama ghafla na ufagio mkononi. Kulikuwa na harufu ya mapera yaliyoiva. Lakini mapera yalikuwa bado mabichi kama mawe! Akaifuata mpaka kwenye ua wa majani uliotenganisha nyumba mbili, akachungulia. Mama Constance alikuwa amechutama mbele ya ungo uliojaa vitu vya manjano iliyokolea, vyenye umbo la tarumbeta ndogo.

"Mama Constance, umepata wapi mapera?"

"Mapera gani? Hii njo bowa, mutoto wangu." Ndivyo watu wa milimani walivyouita uyoga. "Kuya unuse vizuri."

Mwavita alikwenda, akanusa, akazidi kushangaa. Kwao uyoga ulikuwa kitu cha kupigwa teke na watoto kilipoota kwenye gogo bovu. Hakuna aliyefikiria kuula, sembuse kuunusa. Mama Constance akampa kiasi cha kutosha chungu kidogo, akamweleza apike na karanga zilizotwangwa na chumvi, basi.

Mchana Jumaa aliutazama mchuzi ule, akasukuma sahani taratibu, bila hasira.

"Mimi sili kitu kisicho na mbegu," alisema. "Mahindi yana mbegu. Muhogo una kijiti chake unachokipanda. Hata samaki ana mayai. Huu uyoga umezaliwa na nani?"

Mwavita aliivuta sahani ile upande wake. Alikula peke yake, bukari, yaani ugali wa muhogo, na uyoga, akaufurahia sana. Lakini swali la mumewe lilimkaa kichwani.

Wiki ile ile akamwomba Mama Constance amchukue. Walitoka alfajiri, wakaupa mgongo mji, wakapanda milima ya nyuma, kule ambako mashamba ya mihogo yanaisha na miyombo inaanza. Mwavita alidhani watatembea wakiangalia chini. Mama Constance alitembea akiangalia juu.

"Unatafuta ndege?" Mwavita akauliza.

"Natafuta muti. Bowa ina muti wake. Hii ya manjano unaona chini ya miyombo na mitondo, haiko kila mahali. Ukiona muti njo unainama."

Wakainama. Mwavita alijifunza siku ile kwamba msitu ule aliokuwa akiuona kwa mbali kama ukuta mmoja wa kijani ulikuwa na vyumba vingi. Penye kichuguu palikuwa na uyoga mkubwa kama mwamvuli, wenye chuchu ngumu katikati ya kofia na mguu mrefu uliozama ardhini kama mzizi. Ukiuvuta vibaya unakatika, ukichimba polepole unakwenda nao mpaka karibu na nyumba ya mchwa. Kwenye udongo mwekundu palikuwa na ule ambao ukiukwaruza unatoa maziwa. Chini ya kofia zao, nyingi zilikuwa na kuta nyembamba zilizopangana, na Mwavita, mtoto wa ziwa, akaziita matamvua, kama yale anayopumulia samaki. Mama Constance alicheka jina lile, kisha naye akalitumia.

Mahali pengine, penye kivuli, ulisimama uyoga mmoja mweupe, msafi, mzuri kuliko yote. Mwavita alinyoosha mkono.

"Ngoja. Usivunje. Chimba."

Alichimba kwa kijiti. Chini, ndani ya udongo, mguu ule ulikuwa umekaa kwenye mfuko mweupe kama yai lililopasuka; na juu, shingoni, ulikuwa na ukosi.

"Kama ungeuvunja tu, mufuko ungebaki ndani ya udongo, na wewe usingeona kitu," alisema Mama Constance. "Mufuko chini, ukosi juu, mweupe: sisi hatuchumi. Kuko watu wanasema wao wanajua kuchagua muzuri na mubaya katika hii. Wachague. Hii ya mubaya haikutapishi palepale. Inangoja. Unaamka, unasema nimepona, kumbe ini inaisha."

Mwavita aliuinua karibu na pua. Alitegemea harufu ya kifo, ya kitu kilichooza. Hakupata chochote, labda udongo mbichi kidogo.

"Haunuki," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyedanganywa.

"Nani alikuambia ubaya unanuka?"

Maneno hayo aliyasikia. Ila kuyasikia ni jambo moja, na kuyaamini dhidi ya pua iliyompa sifa tangu utoto ni jambo jingine.

Masika yaliyofuata Mama Constance alikwenda kwao kumwuguza dada yake. Mvua kubwa zikanyesha, zikaacha. Siku ya mapumziko ya Jumaa, Mwavita alikuwa akipita kando ya uwanja wa mpira alipoona kwenye majani mafupi duara zima la uyoga mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Moyo wake ukaruka. Ukubwa ulikuwa ule wa kichuguu, au karibu yake. Akageuza mmoja: matamvua meupe. Akachimba: hakuna mfuko. Akanusa: harufu nzuri, kama unga uliosagwa sasa hivi. Pua yake haikuona neno. Hakukuwa na kichuguu, hakukuwa na mti, lakini hilo alilipita haraka.

Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, Jumaa alikubali kuonja. Alikuwa amechoka kumwona mkewe akila peke yake. "Nipe kidogo," alisema, "nisije nikaambiwa ni mwoga." Akala kidogo, kisha akaongeza.

Saa ya adhuhuri haijaisha, tumbo likaanza kumkata. Akatoka nje akishika ukuta. Mwavita alimfuata ili amshike, akajikuta naye amepiga magoti. Walitapika mpaka hakuna kilichobaki, na bado tumbo halikuacha. Jirani wa upande mwingine, Papa Casimir, fundi seremala, aliwakuta wameegemea ukuta, akatafuta mkokoteni, akawasukuma wote wawili hospitalini, akipiga kelele njia nzima watu wapishe.

Mwuguzi aliwauliza: uyoga gani? Wa rangi gani? Mmebakiza? Mwavita alijibu alivyoweza: mweupe, wa uwanjani. Wakanyweshwa maji yenye chumvi na sukari, vikombe kwa vikombe. Kesho yake walikuwa dhaifu kama nguo iliyokamuliwa, lakini wazima, wakaruhusiwa kurudi.

Njiani Jumaa alisema mara moja tu: "Kitu kile kisiingie tena ndani ya nyumba yangu." Hakugomba. Mwavita angependa agombe. Alitembea nyuma yake akitazama visigino vyake, na aibu aliyokuwa nayo ilikuwa aibu ya ajabu: alimwonea haya mumewe, ndiyo, lakini pia aliionea haya pua yake, kana kwamba ni mtu mwingine aliyemdhamini na akamwangusha.

Alipoingia jikoni kusafisha, akakuta kofia moja ya uyoga ule. Jana yake, sufuria ilipojaa, alikuwa ameiacha kwenye sahani nyeupe ya bati la emaye, matamvua yakiangalia chini, akaisahau. Sasa ilikuwa imenywea. Akaichukua akaitupe.

Chini yake, juu ya weupe wa sahani, palikuwa na picha. Mistari myembamba, mamia, ikitoka katikati kwenda nje, kama gurudumu la baiskeli, kama jua. Na mistari ile ilikuwa ya kijani. Akaigusa kwa ncha ya kidole: vumbi laini kuliko unga wa muhogo. Matamvua ya kofia alikuwa ameyaona meupe kwa macho yake mwenyewe, na hapa vumbi lake lilikuwa la kijani!

Hakuitupa sahani. Aliifunika kwa nyingine, akaiweka juu ya kabati, akaosha mikono kwa sabuni mara kadhaa, akangoja Mama Constance arudi.

Mama Constance aliporudi, alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Kisha akasema, "Mimi bowa ya kwenye majani ya uwanja sijachuma hata siku moja. Mama yangu hakuchuma. Kwa nini, sikuuliza. Haikuwa yetu." Akafunuliwa sahani. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akainamisha kichwa.

"Hii imetoka ndani ya bowa?"

"Peke yake. Sikuigusa."

"Na zile zetu? Zinafanya vile?"

"Wewe ndiye unayezijua, Mama."

"Mimi nazitoa kwenye kikapu nazitia kwenye safuria," alisema Mama Constance. "Nani alikuwa na wakati wa kuilalisha bowa kwenye sahani?" Akaanza kucheka, na kicheko chake kikawa cha msichana. "Kesho tunapanda."

Walipanda. Na kwa kuwa uyoga ulikatazwa nyumbani kwa Jumaa, sahani zote za nyumbani kwa Mama Constance zilitandazwa sakafuni, kila moja na kofia yake, mpaka mtu akakosa mahali pa kuweka mguu. Asubuhi wanawake wale wawili walichutama na kuziinua moja moja, wakishika pumzi. Uyoga wa kichuguu uliacha vumbi la waridi, kama kucha za mtoto mchanga. Ule wa harufu ya mapera uliacha la manjano hafifu, ikabidi Mwavita achukue kitambaa cheusi ndipo walione vizuri. Na ule mweupe wenye mfuko, ambao waliulaza mbali, kwenye kigae cha kutupwa, uliacha vumbi jeupe pe.

"Kwa hiyo rangi peke yake haisemi," Mwavita alisema taratibu. "Huyu vumbi lake ni jeupe kama yeye, na anaua."

"Haisemi peke yake. Muti hausemi peke yake. Pua..." Mama Constance alimtazama, akaona asimalizie.

"Pua haisemi peke yake," Mwavita akamalizia mwenyewe, na kusema hivyo kukamwondolea mzigo.

Sahani ile ya waridi aliibeba nyumbani. Jumaa alikuwa barazani, anashona kiraka kwenye viatu vyake vya kazi.

"Nimesema nini kuhusu—"

"Hakuna uyoga hapa. Ni sahani tu. Uliuliza umezaliwa na nani."

Jumaa aliweka kiatu chini. Aliangalia ile miale ya waridi kwa muda mrefu. Akapuliza kidogo pembeni. Vumbi likainuka kama moshi wa sigara, likapotea.

"Hii ndiyo mbegu?"

"Sijui. Nafikiri ndiyo. Ni nyepesi hivyo, upepo unaichukua popote."

"Popote," Jumaa akarudia. Akapuliza tena, safari hii akifuata kwa macho mahali vumbi linapokwenda, na Mwavita akajua kwamba kile kilichomwuma yeye kimemwuma na mumewe.

Jumaa hakula uyoga siku hiyo, wala mwezi huo. Lakini alianza kuleta vitu kutoka bandarini: ubao wa sanduku ulioota kitu kama sikio, kipande cha gogo chenye vidude vya rangi ya chungwa. "Huyu je?" aliuliza akiingia. Masika yaliyofuata, Mama Constance mwenyewe akisimama mlangoni na mikono kiunoni, Jumaa alikula kipande kimoja cha uyoga wa kichuguu. Akatafuna, akameza, akangoja. "Ni kama kuku," alisema hatimaye, "kuku asiye na mifupa," akaomba bukari.

Mwavita alijaribu hata kupanda. Alimwaga vumbi la waridi nyuma ya nyumba, akalimwagilia, akalizungushia mawe. Hakuota kitu ila magugu. Mama Constance alimkuta amechutama pale, akacheka mpaka akashika ua. "Unapanda bowa ya kichuguu, na muchwa wako wapi? Utaleta muchwa ndani ya nyumba ya kampuni?" Jumaa aliposikia, alikataza mchwa kwa haraka sana.

Ndipo ukaja ule wa sapini.

Masista wa misheni walikuwa na chumba cha kufundisha wanawake kushona, na Mwavita alikwenda huko siku kadhaa mchana, kwani hakuna aliyeuliza dini ya mtu kwenye cherehani. Mwalimu alikuwa sista aliyeitwa Masera Adrienne, Mbelgiji mnene mwenye miwani, aliyesema Kiswahili polepole lakini sawasawa. Nyuma ya chumba, mpaka kwenye mteremko wa mlima, ilipandwa mistari ya sapini, ile miti ya Ulaya yenye majani kama sindano. Baada ya mvua moja nzito, Mwavita alitoka kupunga upepo, akaona chini ya sapini uyoga ambao hajawahi kuuona: kofia ya kahawia, inayoteleza kama imepakwa ute wa yai. Akaugeuza. Hakukuwa na matamvua. Kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, vingi, kama ndani ya mkate.

Akakimbia kumwita Mama Constance. Mama Constance alifika, akainama, akauchimba, akaunusa, akauminya, akatikisa kichwa.

"Huyu simujui."

"Hata jina?"

"Hata mama yangu hakumujua. Muti gani huu?"

"Sapini. Umeletwa."

"Basi na yeye ameletwa."

Sauti zao zilimtoa Masera Adrienne nje, sindano bado kwenye kola. Alipouona uyoga, alipiga mikono pamoja. "Oo! Huyu yuko kwetu! Mimi nilimchuma na bibi yangu!"

Mama Constance alimgeukia, naye akaanza kumwuliza kwa heshima, ila bila kumpa nafasi ya kupumua. Kwenu anaota chini ya mti gani? Sapini hii hii au ndugu yake? Ulikula wewe mwenyewe, ao ulisikia watu wanasema? Mnatoa ngozi? Mnapika sana ao kidogo?

Masera alijibu yote kama mtoto anayesomeshwa. Alikula mwenyewe, mara nyingi. Ngozi inayoteleza inamenywa, ukiiacha inaharisha. Unapika sana. Kisha akavua miwani, akaifuta. "Lakini hapa si kwetu," alisema. "Labda huyu ni ndugu yake tu, anafanana naye. Nitakula kipande kidogo mimi kwanza. Ninyi ngojeni."

Mama Constance alipenda jibu hilo kuliko mengine yote.

"Amefikaje?" Mwavita aliuliza. Ndilo lililokuwa likimwasha. "Upepo hauwezi kumleta kutoka Ulaya."

Masera alifikiri. Miche ilikuja na meli, alisema, kila mmoja ndani ya kopo na udongo wake; yeye mwenyewe alisaidia kuipokea.

"Na udongo wake," Mwavita akasema. Alikaa palepale juu ya sindano za sapini zenye maji, bila kujali kanga yake. Kwa hiyo kitu kile kilikuwa kimelala ndani ya kopo, kwenye mizizi, baharini, kwenye treni, na miaka yote hii kimengoja mti wake ukue. Alilaza kofia moja kwenye kipande cha kitambaa cheupe cha kushonea. Kesho yake ikaacha vumbi la rangi ya mdalasini.

Masera hakuugua. Kwa hiyo siku iliyofuata wakapika kwenye mbabula, jiko la makaa, nyuma ya chumba cha kushona, uyoga umemenywa, vitunguu, mafuta ya mawese. Masera alikula macho amefumba. Mwavita alionja, akatafuta la kusema. Mama Constance alitafuna mara mbili.

"Ni kama bamia," alisema, "bamia isiyo na chumvi." Kisha, kwa kuwa alimpenda Masera, akaongeza, "Lakini ni ya kwenu, mama. Kula tu."

Masera akacheka mpaka akatoa machozi, akamaliza sufuria peke yake.

Mwavita alikuja kuzaa, wa kwanza wa kike, akamwita Hidaya, na aliendelea kupanda milima na mtoto mgongoni. Lakini kila masika, kabla ya kwenda kwenye miyombo, alipitia kwanza kwa masista. Alitembea kando ya mstari wa mwisho wa sapini, pale kivuli cha sindano kinapokutana na miyombo ya mlimani, akisukuma majani kwa kijiti. Alitaka kuona kama mgeni yule atavuka, hata hatua moja, aje aote chini ya mti wa hapa. Alimkuta upande wa sapini, mwingi. Upande wa pili alikuta wale wa Mama Constance. Akasimama katikati, mtoto akimvuta sikio, akatazama huku, akatazama kule, kisha akainama atafute tena.